Sanduku la Pili

Watu wakiitaja Wamunyu huwa wanamaanisha twiga. Twiga wa futi sita anayesimama kwenye kona ya hoteli, twiga mdogo wa kuwekwa kando ya televisheni, kifaru, kijiko cha saladi chenye kichwa cha swara. Nikiwaambia wateja wangu pale Luthuli Avenue kwamba kwetu ni Wamunyu, swali la pili huwa ni kama naweza kuwapatia twiga kwa bei ya nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza twiga huyo anachongwa na nini.

Kazi kubwa inafanywa na tezo. Kwa Kikamba tunaiita ngomo. Mchongaji wa kwetu hana meza ya kazi wala jiliwa. Anakaa chini ya mti, gogo analibana kwa miguu na mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anapiga. Tezo nzito inatoa umbo: hapa shingo, hapa tumbo, hapa miguu minne. Tezo nyepesi inafuata mgongo na misuli. Halafu kuna visu vya masikio na macho, patasi mbili tatu, na mwisho msasa. Msasa ni kazi ya wanawake na watoto. Mimi nimesugua twiga tangu nikiwa darasa la pili, na simu yangu ya kwanza ya kufunguliwa kwa kidole ilikataa kabisa kunitambua.

Sasa nenda hadiwea yoyote Machakos mjini uitishe tezo ya kuchongea. Utaletewa shoka. Ukisisitiza utaletewa panga. Tezo haiuzwi dukani kwa sababu kila tezo hufuliwa kwa ajili ya mkono fulani. Bapa lake hutoka kwenye springi ya lori. Springi ni chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.6, kiasi cha kutosha kukifanya kiwe kigumu ukikipasha moto na kukipoza ghafla, lakini si nyingi hivyo mpaka kivunjike kama sahani. Nondo ya ujenzi haifai. Utaifua vizuri, itapendeza, utainoa mpaka ing'are, na kufikia saa nne asubuhi itakuwa butu kama kijiko.

Haya yote niliyajua kwa juu juu tu, vile mtu anavyojua mambo ya nyumbani bila kuyafikiria. Nilianza kuyafikiria mwaka ule macho ya babu yalipoanza kufunga.

*

Hadithi ya uchongaji wa Wamunyu huanza na Mutisya wa Munge. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 alikuwa Tanganyika, na huko aliwaona Wazaramo wakichonga mpingo. Aliporudi akaanza kuchonga. Wengine wakamwangalia, wakajifunza, na baadaye wachongaji wa Kikamba wakatapakaa: Changamwe kule Mombasa, Gikomba hapa Nairobi, Malindi. Hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa kwa wageni, na ni nzuri.

Ila kuna kitu huwa inaruka. Mutisya alirudi na ujuzi wa kuchonga sanamu, lakini alirudi mahali palipokuwa na chuma tayari. Wahunzi wa Kikamba walikuwa wakifua vichwa vya mishale, visu, na mikufu myembamba iliyosifika mbali. Kulikuwa na watu wa kuchonga mizinga, miko, na viti vya wazee vya miguu mitatu. Kwa maneno mengine, tezo ilikuwepo kabla ya twiga. Na palipo na tezo, pana mtu anayejua kuifua, kuinoa, kuitia mpini na kuirudishia makali baada ya miaka kumi ya kupigwa. Mtu huyo hana sanamu barabarani. Kazi yake ikiwa nzuri haionekani.

Babu yangu alikuwa wote wawili. Alichonga, na zana zake alizifua mwenyewe kwa moto wa jirani. Kwa sababu hiyo alikuwa na masanduku mawili ya mbao. La kwanza lilikaa karibu naye mchana kutwa: tezo tano, visu tisa, patasi, msumeno. Mipini yake imelainika na kuwa myeusi kwa jasho, na mmoja umechimbika kidogo pale kidole gumba kinapokaa. Kila mtu aliyefika kwetu alitaka kupiga picha sanduku hilo.

La pili lilikaa chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na tupa nne: bapa, nusu duara, mviringo, na ya pembe tatu ya kunolea meno ya msumeno. Kinoo kilichochakaa katikati kama tandiko la punda. Koleo ndefu. Nyundo. Brashi ya waya ya kusafishia tupa. Kipande cha chaki. Ubao uliogongomewa ngozi ya mshipi wa zamani, wa kumalizia makali ya visu. Kipande cha chuma bapa chenye ufa mwembamba, ambacho nikiwa mdogo nilidhani ni ufunguo uliovunjika. Na rundo la vipande vya bati vilivyokatwa kutoka kwa mikebe ya Kimbo, kila kimoja na umbo lake la ajabu, vimefungwa pamoja kwa waya.

Hilo la pili hakuna aliyelipiga picha.

*

Mtoto wa jicho huja polepole. Babu alianza kwa kulalamika kwamba msasa wa siku hizi ni mbaya, kwa sababu twiga wake walikuwa wanabaki na mikwaruzo. Susu ndiye aliyegundua kwamba si msasa. Kufikia Agosti alikuwa anajua ni nani ameingia uani kwa sauti ya viatu.

Hospitali tuliyokwenda walisema jambo hili lina dawa: wanatoa lenzi iliyoingia ukungu, wanaweka nyingine, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kilichobaki ilikuwa pesa. Shilingi 45,000 kwa jicho moja. Mjomba alikuwa na kumi. Mimi nilikuwa na saba, na kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia.

Hapo ndipo binamu yangu akamleta jamaa mmoja wa Nairobi anayepamba mikahawa. Alikuwa anatafuta vitu vyenye historia, hivyo ndivyo alivyosema. Aliinama juu ya sanduku la kwanza, akashika tezo moja baada ya nyingine, akashusha pumzi kama mtu aliyeingia kanisani, kisha akasema shilingi 40,000 kwa sanduku lote, pesa taslimu. Angezitundika ukutani, na taa ndogo juu yake.

Tukakaa chini ya mwembe kujadili. Binamu alisema tuuze, zana ni chuma tu. Shangazi alisema tukiuza tutakuwa tumemzika mzee akiwa hai. Mimi sikuwa nimeulizwa, kwa sababu kwa desturi tezo haziendi kwa wasichana, na suala lilikuwa ni urithi wa wavulana unauzwa au hauuzwi. Lakini kuna swali lilikuwa linanikereketa nikalitoa: mzee akirudishiwa macho, ataamka asubuhi ashike nini?

Kimya. Hata kuku walisikika wakiparura.

Babu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, uso umeelekea kwetu lakini macho yamelenga mahali pengine. Huniita mwaitu, yaani mama yangu. Akasema, "Mwaitu, niletee sanduku la chini ya kitanda."

Nikamletea. Akaingiza mkono, akapapasa, akalitoa lile rundo la bati.

"Muuzeni lile la kwanza," akasema. "Hili msiliguse. Lile linaweza kutoka kwa hili. Hili haliwezi kutoka kwa lile."

*

Imenichukua muda kuielewa sentensi hiyo vizuri, na nadhani iliingia haraka kwa sababu ya kazi yangu. Mimi hutengeneza simu. Bisibisi za nyota nilinunua, ndiyo, lakini nusu ya vifaa vyangu ni vya kujitengenezea. Wembe uliokunwa ncha kwa ajili ya kutenganisha kioo na fremu. Kadi ya benki iliyokwisha muda, nimeikata umbo la ulimi, ya kufungulia vifuniko bila kuvikwaruza. Ncha ya chuma cha kuchomea lehemu niliyoichonga upya kwa tupa ndogo. Mtu akiniibia bisibisi nitalia siku moja. Akiniibia ile tupa ndogo na kijiwe changu cha kunolea, nimerudi nyuma mwaka mzima.

Vile vipande vya bati vilikuwa vigezo. Kila kimoja kilikuwa umbo la bapa fulani: upana wake, upinde wake, na kwenye ukingo mmoja, mkato unaoonyesha makali yawe ya pembe gani. Babu alipoanza kazi alichonga mpingo na muhugu, miti migumu inayotaka makali manene kidogo, la sivyo yanameguka. Miti hiyo ilipopungua, watu wakahamia kwa jakaranda, mwembe na mwarobaini. Mti laini unataka makali membamba zaidi. Ukiupiga kwa makali manene unaurarua nyuzi badala ya kuukata. Kwa hiyo kulikuwa na bati za zamani na bati za sasa. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa pale, yamefungwa kwa waya, yametoboka kutu hapa na pale.

Na kile nilichodhani ni ufunguo? Ni cha kupindia meno ya msumeno. Unalitia jino kwenye ule ufa, unalivuta kidogo kulia, linalofuata kushoto. Ndiyo maana msumeno hukata njia pana kuliko unene wake na haukwami. Alikitengeneza mwenyewe akiwa kijana, kwa sababu cha dukani kilikuwa ghali.

Tukauza sanduku la kwanza. Lile jamaa alihesabu noti mbele ya susu, akaomba tumwambie kila tezo ni ya miaka mingapi, akaandika kwenye simu. La pili hakuliulizia.

*

Operesheni ilifanyika Novemba, jicho la kulia. Siku ya pili bandeji ilipotolewa, babu aliangalia mikono yake kwa muda mrefu, akasema imezeeka bila ruhusa.

Desemba nilifunga meza yangu Luthuli wiki mbili, nikapanda matatu ya Machakos, halafu nyingine inayopitia Masii. Kwenye begi nilikuwa na sumaku ya spika ya redio mbovu, kwa sababu nilikuwa nimesoma kitu nikataka kukijaribu.

Springi tuliipata kwa jamaa anayefumua malori, shilingi 400. Babu aliigonga kwa nyundo akaisikiliza, akaikataa. Iligonga kwa sauti fupi, akasema ina ufa. Ya pili ililia kama kengele. Hiyo tukachukua.

Moto ulikuwa wa jirani, mhunzi wa sokoni: makaa, feni inayosukumwa kwa gurudumu la baiskeli, na kipande cha reli kama fuawe. Mjukuu wake alizungusha gurudumu. Mjomba alishika nyundo kubwa. Mimi nilishika koleo. Babu alikaa hatua tatu nyuma, na kigezo cha bati mkononi.

Chuma kinafuliwa kikiwa na rangi ya chungwa lililoiva. Kikifikia wekundu wa damu unaacha, unakirudisha motoni; ukiendelea kupiga kikiwa baridi unakitia nyufa usizoziona. Saa nzima ilikwenda kwenye bapa, na saa nyingine kwenye mkia, ile sehemu nyembamba inayoingia kwenye kichwa cha mpini. Mkia unachongoka ili kila pigo la kazi liukaze zaidi badala ya kuulegeza. Kila tulipodhani tumemaliza, babu aliweka bati juu yake akasema, "Bado unene wa ukucha."

Kisha tukaipasha tena na kuifukia kwenye jivu mpaka asubuhi. Chuma kikipoa polepole kinalainika, na tupa inakubali kukila. Kesho yake nilishika tupa. Hapa nilifundishwa upya kitu nilichodhani nakijua. Tupa hukata ikienda mbele. Ukirudi unainyanyua, hauiburuti, kwa sababu kuiburuta kunayaua meno. Unaipaka chaki kwanza ili vumbi la chuma lisigande. Ikijaa unaipiga brashi ya waya kufuata mistari yake. Na kamwe hautupi tupa mbili pamoja kwenye sanduku zikisuguana, kwa sababu zitatafunana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana kila moja ilikuwa imevingirishwa kitambaa chake. Miaka yote nilidhani ni uzee tu.

Jioni ndiyo tuliitia mafuta. Jioni, kwa sababu kwenye giza kidogo rangi ya chuma haidanganyi. Nikatoa sumaku yangu. Chuma kikifika moto unaotakiwa, karibu nyuzi 770, sumaku haikishiki tena. Nikagusa: ikashika. Tena: ikashika. Mara ya tatu ikateleza kama imegusa kioo. "Sasa," nikasema, na sekunde hiyo hiyo babu, aliyekuwa anaangalia rangi tu kwa jicho moja jipya, akasema "Sasa." Tukaizamisha kwenye kopo la oil chafu ya injini. Si maji, maji yanapoza haraka mno na springi inaweza kupasuka.

Ikitoka hapo ni ngumu lakini ni ya kuvunjika. Unaing'arisha kidogo, unaipasha kwa upande wa nyuma, na unaangalia rangi zikitembea kuelekea makali: njano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau, buluu. Kisu kinaachiwa njano, kwa sababu hakipigwi. Tezo inataka kufika kati ya kahawia na zambarau, kwa sababu inapigwa siku nzima. Ikifika buluu umepitisha. Babu aliniachia mimi niseme. Nikasema. Ikaingia mafutani mara ya mwisho.

*

Mwezi wa tatu nilipita kwenye ule mkahawa. Kahawa shilingi 450, nikanywa moja polepole. Zana za babu ziko ukutani kweli, tezo tano na visu vyote, na taa ndogo juu yake kama alivyoahidi. Zimepakwa vanishi kila mahali, mpini na bapa na makali. Zinang'aa. Msichana wa meza ya pili alipiga picha.

Sikuwa na hasira. Macho ya mtu yalitoka pale. Lakini nilikumbuka habari za magobori ya karne ya 19, wakati wa misafara ya pwani. Baruti nyeusi huacha masizi yanayovuta unyevu, na mtutu usipooshwa kwa maji moto na kukaushwa, kutu inaanza siku chache tu. Kwa hiyo mwenye gobori alihitaji ufito, matambara na mafuta, kila siku aliyofyatua. Leo ukiona gobori kwenye ukuta wa mtu, mara nyingi hayo mengine hayapo. Bunduki inatunzwa, na vitu vilivyoitunza vinatupwa. Tuna tabia ya kuhifadhi kile kinachopendeza kwenye picha, halafu tunashangaa mbona utamaduni umekuwa mapambo.

Na si kwamba kijijini hali ni shwari. Vijana wengi wa rika langu wamehamia bodaboda, na siwalaumu; bei ya twiga mnunuzi ndiye huipanga. Mikono ya babu inatetemeka, hawezi tena kuchonga uso wa swara. Tezo mpya inatumiwa na yule binamu aliyesema zana ni chuma tu. Anachonga miko na mabakuli ya mwembe, vinatoka haraka kuliko twiga. Babu anamnolea, kwa sababu kunoa hakuhitaji mkono usiotetemeka kama kuchonga, kunahitaji kusikia. Anapitisha bapa kwenye kinoo akiwa ameinamisha sikio.

Sanduku la pili nilipewa mimi. Haikutangazwa kwenye mkutano wowote. Susu alilifunga kwa kamba tu siku ninaondoka, akaliweka kando ya begi langu, na nilipomwangalia akasema njiani nisilikalie. Nililirudisha Pasaka, kwa sababu kinoo kinahitajika kule kuliko huku. Tulichokubaliana ni hivi: sanduku linabaki Wamunyu, vigezo nimevipiga chapa. Nilivilaza juu ya karatasi, nikavichora vyote kwa penseli, umbo na pembe, nikakata nakala kwa bati jipya. Nakala ziko Luthuli, chini ya meza yangu, zimefungwa kwa waya.

Sumaku imebaki kwenye sanduku. Babu alisema haihitaji, ila isiondolewe.